Presha Imependa

Kwenye kadi yake ya kliniki, mistari sita ya kwanza ilikuwa tarakimu tupu. Wa saba ulianza na maneno, kwa wino wa buluu: "Presha imependa."

Mtu mwingine angepita. Angesema sista alikuwa na haraka, alitaka kuandika "imepanda", kalamu ikateleza, yameisha. Lakini kadi hiyo ilikuwa ya mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja alilipwa mshahara kwa kazi moja tu, kutafuta herufi zilizokaa mahali pasipo pao. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na wenzake walimwita Bwana Nukta, kwa kuwa aliwahi kurudisha kitabu kizima cha hesabu mitamboni kwa ajili ya nukta moja. Mtu kama huyo ukimwandikia "imependa", umemtegea mtego, hata kama hukukusudia.

Aliisoma amesimama kwenye korido, watu wakimpita huku na huku. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasoma tena. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta kalamu nyekundu, maana kwake kosa na kalamu nyekundu ni chanda na pete. Halafu mkono ukasita. Aliikunja kadi, akaitia mfuko wa shati, akatoka nje akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Yote yalianza na kikohozi. Alikwenda kliniki kutafuta dawa ya kifua, na kwa utaratibu wa pale kila mtu hupimwa presha kabla ya kumwona daktari. Chumba cha vipimo kilikuwa na meza moja, viti viwili, mzani, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe nusu ili wa nje wasichungulie. Sista wa chumba hicho wagonjwa walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu alikuchoma sindano ukabaki unaisubiri. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuvuta pumzi kabla ya kusema neno. Alimkunjia mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akafunga mkanda wa mashine, akaweka vidole viwili ndani ya mkono wake kutafuta mshipa.

"Tulia," alisema. "Usiongee."

Bwana Nukta alitulia. Moyo ndio uliokataa. Tangu amzike mkewe, miaka sita nyuma, hakuna aliyekuwa amemshika mkono isipokuwa kwa kumsalimia, na mkono wenyewe ulikuwa umeshasahau. Sasa ukashtuka, ukapeleka habari juu, na habari ikarudi chini kwa vurugu. Kinywa kilikauka, viganja vikalowa, na masikioni akasikia damu ikipiga kama mtambo wa chapa unapowashwa asubuhi. Mashine ikalia. Mia moja sitini na nane kwa mia moja na mbili.

"Mzee wangu, mbona uko juu hivi?" alisema sista. "Utakuja kila Jumatano tuiangalie."

Kikohozi kilipona wiki ile ile. Presha haikupona, na ingeponaje? Kila Jumatano mkono ulikuwa ule ule na vidole vilikuwa vile vile. Kufikia Jumanne mchana tayari chakula hakipiti. Jumatano yenyewe aliamka mapema, akanyoa ndevu mara mbili, akafika kliniki kabla ya mlinzi kufungua geti, halafu akaketi kwenye benchi akiwaachia wengine nafasi, eti yeye hana haraka.

Akaanza kuokota vitu vidogo vidogo, kama kuku uani. Jumatano tatu za mwanzo sista alimwamkia "shikamoo", na kila shikamoo ilimchoma, maana ilimweka kundi moja na baba zake sista. Jumatano ya nne alisema tu, "Habari yako." Bwana Nukta alitembea na hiyo habari yako siku saba. Jumatano ya sita, akimfungua mkanda, sista alisema kwamba anapokwenda kazini huiacha redio ikiongea, ili akirudi akute kuna mtu. Alisema hivyo akicheka, kisha akaacha kucheka ghafla na kuanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kwa hiyo "imependa" ilipokuja wiki iliyofuata, haikuja kwenye uwanja mtupu. Ilikuta mbolea.

Mwenye kupenda, chongo huita kengeza. Huyu wetu alikwenda mbele zaidi, akaita kosa barua.

Lililomuumiza ni jambo jingine kabisa. Miaka ishirini na saba aliishi na mkewe, na moyo haukumwenda mbio hata siku moja. Alimheshimu, alimuuguza, alimzika. Lakini huku kukosa usingizi, kusahau funguo mlangoni kwa nje, kula bila kujua anakula nini, hakukujua wakati ule. Sasa, na miaka yake hamsini na tisa, alijiuliza kama alimdhulumu yule mama wa watu, akampa kila kitu isipokuwa hiki. Hakuwa na wa kumuuliza. Mwanawe wa pekee alikaa mbali na alipiga simu Jumapili. "Baba, umekula?" "Nimekula." "Haya baba, tutaongea." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya wiki.

Sasa tusimtetee kwa kila kitu. Daktari wa kliniki, kijana mwenye haraka, alipoona tarakimu hazishuki aliongeza kidonge cha pili, baadaye cha tatu. Bwana Nukta alivimeza vyote. Akiwa nyumbani, kila aliposimama, chumba kiliinama upande mmoja na ikabidi ashike kabati. Siku moja akapita duka la dawa la mtaani kwake, akajipima. Mashine ilisema tisini na tano. Alijua maana yake. Alijua kwamba anameza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na kwamba akifungua mdomo atafutwa kwenye orodha ya Jumatano. Akaufunga mdomo. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na hula vidonge vitatu kwa siku pia.

Lakini mapenzi hayaharibu kifua tu, yanapanda hadi kichwani. Macho ya Bwana Nukta, yaliyokuwa yakinusa kosa kutoka upande wa pili wa meza, yakaanza kusoma yanachotaka. Ikaja kazi ndogo ya kipeperushi cha mazishi, ukurasa mmoja, picha ya marehemu na maneno machache. Alikisoma, akatia sahihi, kikachapwa nakala mia tatu. Kesho yake mtoto mkubwa wa marehemu aliingia kiwandani amevaa suti nyeusi, akaweka karatasi juu ya meza, akaweka na kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Nani alimpanda baba yangu?"

Watu wote waliinamisha vichwa kusoma. "Tulikupanda sana, lakini Mungu alikupenda zaidi."

Fundi Mitambo, ambaye ndiye rafiki pekee wa Bwana Nukta pale kazini na mtu asiyejua kujizuia, alitoka nje haraka akajifanya anakohoa. Bwana Nukta hakucheka. Miaka thelathini na moja, na hili ndilo litakalokumbukwa. Akainuka upesi kuomba radhi, na kwa upesi ule damu ikabaki chini. Ukuta ukamjia. Alipozinduka alikuwa sakafuni kati ya meza na dirisha, na mfiwa ndiye aliyekuwa amepiga magoti kando yake, anampepea kwa kile kile kipeperushi.

Fundi Mitambo alimpeleka kliniki. "Mzee, una nini wewe?" alimuuliza njiani. "Umekonda, unaanguka, unapanda marehemu wa watu. Kama ni mwanamke, sema tukamwone pamoja."

"Ni presha," alisema Bwana Nukta.

"Haya. Presha nayo ina nyumba yake na jina lake."

Pale kwenye benchi, wakati Fundi Mitambo amekwenda kumtafutia maji, bibi mmoja wa miaka themanini na kitu aliyeketi kando yake alimsogezea kadi. "Mwanangu, miwani nimeiacha. Nisomee hapa wameniandikia nini."

Bwana Nukta aliichukua. Wino wa buluu, mwandiko ule ule. "Presha imependa kidogo. Dewe zile zile. Uje Jumetano."

Akaisogeza karibu na macho, akasoma tena.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza bibi. "Ni mbaya?"

"Si mbaya, mama. Imepanda kidogo. Dawa zile zile. Uje Jumatano."

Akamrudishia kadi yake, akatoa ya kwake mfukoni. Ilikuwa imechakaa kwa kukunjuliwa. Na hapo, kwenye mstari ule ule wa saba, baada ya neno lake tamu, palikuwa na "dewe" na palikuwa na "Jumetano", tangu siku ya kwanza, mbele ya macho yake. Sista alikuwa na mwandiko wa haraka, na herufi zake za "a" mara nyingi zilifungwa vibaya zikawa "e". Alikuwa amewaandikia wote. Presha za mji mzima zilikuwa zimependa.

Aliona aibu, ile ya mtu mzima aliyecheka peke yake barabarani akidhani anachekewa. Aliona pia upweke wake ulivyo mkubwa, maana alikuwa ameishi miezi mitatu ndani ya herufi moja. Mganga hajigangi. Msahihishaji naye hana wa kumsahihisha.

Alipoitwa, aliingia kwa sista na faraja moja tu: sasa kosa limeonekana, moyo utatulia. Akanyoosha mkono. Sista akauliza kwa sauti ya wasiwasi, "Umeanguka? Umeumia wapi?" Akamgusa paji la uso kabla hata ya kuchukua mashine. Mia moja na sabini. Moyo haukuwa umesoma kadi yoyote. Haujui hata herufi.

Daktari kijana safari hii hakuwa na haraka. Mtu mwenye mia moja na sabini haanguki namna ile, alisema, na akataka kujua zaidi. Alimsimamishia dawa zote kwa wiki mbili, halafu akampa mashine ndogo ya kufungwa kiunoni, yenye mkanda wa kubaki mkononi siku nzima, ijipime yenyewe kila nusu saa akiwa nyumbani. "Hii ndiyo itasema kweli," alisema. "Ukionekana mzima, hutatuona tena."

Aliivaa Jumatatu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, na tangu asubuhi hakuna kilichosikika ndani yake isipokuwa jirani akisugua sufuria ng'ambo ya ukuta. Kila nusu saa mashine ilivuta pumzi, mkanda ukajaa, ukamkaba mkono kwa nguvu, ukakaa kidogo, ukaachia taratibu. Mara ya kwanza alikereka. Kufikia saa sita mchana alijikuta ameshaketi na kunyoosha mkono kabla ya muda kufika. Aliposhtukia anachofanya alikwenda kuosha vyombo, lakini masikio yalibaki yanasubiri. Alijaribu kuudanganya mtambo. Alimfikiria sista, pumzi ile, vidole vile, redio inayoongea na viti. Tarakimu hazikutikisika. Mwili ulikataa kupanda kwa mtu ambaye hayupo.

Jumatano daktari alizipitia karatasi za mashine ile akatabasamu. "Mzee, nyumbani kwako una presha ya mtoto wa shule. Ni woga huo. Wako watu wakiona tu koti jeupe, damu inapanda." Akaandika, akagonga muhuri. "Mpelekee sista, akupime mara ya mwisho afunge faili. Tuonane mwakani."

Kutoka mlango wa daktari hadi chumba cha vipimo ni hatua kumi na mbili. Bwana Nukta alizitembea akijua kwamba akipita pale bila kusema, basi. Hana kikohozi, hana presha, hana sababu yoyote duniani ya kushikwa mkono na mwanamke yule. Atarudi kwenye Jumapili za "umekula".

Sista aliipokea karatasi, akasoma. "Hana ugonjwa. Woga wa kliniki." Alivuta pumzi, na pumzi yenyewe ilichukua muda kutoka.

"Kumbe miezi yote hii nilikuwa nakutisha," alisema. Alijaribu kufanya mzaha lakini sauti haikumfuata. "Nami nilidhani... Basi, samahani. Watu husema uso wangu mkali."

"Daktari amekosea neno moja," alisema Bwana Nukta.

"Lipi?"

"Woga."

Mahali fulani kwenye korido toroli la dawa lilipita likilia gurudumu. Sista aliitazama karatasi, kama vile neno lenyewe lingekuwa limeandikwa nyuma yake. "Kama si woga ni nini?"

Maisha yake yote alikuwa amenyoosha sentensi za watu wengine. Yake ilitoka haina pambo. "Nakupenda. Nyumbani sina presha kwa sababu hupo. Nikikaa kiti hiki ukanishika mkono, inapanda. Sikusema mapema kwa sababu nilitaka kuendelea kuja. Nimemeza dawa zenu bure, na nilikuwa najua."

Sista hakucheka. Mkono wake ulikwenda kwenye kola, ukakaa hapo. "Usinitanie, kaka," alisema, na hiyo kaka ilikuwa ya kwanza. "Mimi nimetaniwa vya kutosha. Nina umri wa kutotaniwa."

"Sikutanii."

Sista akasogeza mashine. "Lete mkono."

Bwana Nukta alielewa anachotafuta. Alitaka shahidi. Mwanamke aliyeamini tarakimu miaka thelathini alitaka kuambiwa na kitu kisichojua kubembeleza. Akafunga mkanda, na mara hii vidole vyake vilikuwa baridi na vizito, vikakosa mshipa mara ya kwanza, vikautafuta tena.

Naye Bwana Nukta? Alikuwa amekwisha kusema. Kitu kilichomkaa kifuani tangu siku ya kikohozi kilikuwa kimetoka, na mwili wote ukaketi, kama mtu aliyefika kwake akavua viatu. Hakusikia damu masikioni. Alimwona sista kwa mara ya kwanza bila ukungu, mvi mbili juu ya sikio, alama ya wino kwenye kidole, na aliona raha tu, pana na kimya. Aliijua raha ile. Ilikuwa ile ya jioni nyingi, mkewe akichambua mchele, yeye akisoma, hakuna anayesema neno. Miaka ishirini na saba aliyoidhania mitupu ilikuwa imejaa hii. Macho yakamlowa.

Mashine ikalia. Mia moja ishirini na mbili kwa sabini na sita.

Sista aliisoma. Akabonyeza kitufe, akafuta, akapima upya. Mia moja ishirini. Akapima mara ya tatu, jambo ambalo hakuna mgonjwa aliyewahi kufanyiwa chumbani mle, na alipokuwa anasubiri alikuwa ameuma mdomo wa chini. Mia moja kumi na nane.

"Imeshuka," alisema.

"Sista, imeshuka kwa sababu nimesema. Nisikilize. Kutulia huku ndiko..."

"Mashine haidanganyi, mzee wangu." Alikuwa ameshaanza kufungua mkanda, polepole, akitazama mkanda na si yeye. "Daktari yuko sahihi. Ulikuwa unaogopa, sasa umetuzoea. Hutokea. Wengine hata hudhani ni mambo mengine." Akaukunja mkanda, akaukunja tena ingawa ulikuwa umekwisha kukunjika. "Nenda salama. Umepona."

"Nipime kesho," alisema. "Nipime nikiwa natoka mlangoni."

Sista alivuta pumzi. Alionekana anataka kusema kitu. Lakini mlango ulikuwa umefunguka kidogo, na mtu aliyeusukuma alikuwa na kadi yake mkononi, na nyuma yake benchi lilikuwa limejaa.

"Anayefuata," alisema sista.

Bwana Nukta alisimama. Chumba hakikuinama. Alipofika nje ya geti moyo ulianza kumwenda mbio vibaya sana, akashika ukuta, akasimama pale mpaka ukamaliza, na watu walipita.

Jumatano iliyofuata aliingia kiwandani saa mbili kamili kama wafanyakazi wengine. Fundi Mitambo alikuwa anapaka mtambo mafuta.

"Leo huendi kliniki?"

"Nimepona," alisema Bwana Nukta.

Fundi Mitambo alifuta mikono kwa tambara, akaja kumshika mkono kwa yote miwili, kwa furaha ya kweli. "Hongera sana, mzee. Wenzako hiyo presha tunazikwa nayo." Bwana Nukta akamshukuru, akaketi, akavuta ukurasa wa kwanza.